Namna ya kuajiri watu wa msimu wakati barua zote zinaandikwa na mashine

Kila mwaka, upepo wa kusi ukianza kulegea, wenye nyumba za wageni hapa Lamu tunaanza kuhesabu watu. Wapishi na wahudumu waliokwenda makwao mwezi wa tano, nyumba zilipofungwa kwa mvua, wengine hawarudi. Kaskazi ikiingia, wageni nao wameingia, na aliyefika Desemba bila watu atapokea wageni kwa mikono yake mwenyewe.

Mimi nasimamia nyumba ya vyumba vinane pale Shela. Msimu uliopita nilitangaza nafasi tatu: mtu wa mapokezi, mpishi msaidizi na nahodha wa mashua. Barua zilizokuja zilipita sitini, na karibu zote zilikuwa barua moja. Kiingereza kimepigwa pasi, kila mwombaji ana "shauku ya dhati", kila mmoja "hustawi chini ya shinikizo", maneno ambayo sijayasikia barazani hata siku moja. Kijana ninayemjua tangu akichunga punda wa babake alijieleza kuwa "kichocheo cha mabadiliko katika sekta ya ukarimu". Nilicheka peke yangu mpaka paka wa ukumbini akaamka.

Simlaumu. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, barua nzuri haina gharama, na kitu kisicho na gharama hakiwezi kukuonyesha nani amejituma na nani hakujituma. Mimi mwenyewe nilifanya baya zaidi. Nilizitia barua zote kwenye programu ya akili unde, ile ambayo Watanzania huiita akili mnemba, nikaiambia inipangie kuanzia bora hadi dhaifu. Mashine ikasoma barua za mashine ikazipenda.

Aliyeshika nafasi ya kwanza nikampa mapokezi. Siku ya sita mgeni wetu aliteremka uwanja wa ndege wa Manda, kisiwa cha jirani, akawa anatafuta teksi. Alikuwa ameandikiwa, kwa adabu na kwa Kiingereza safi, kwamba teksi itamngoja mlangoni imlete mpaka hotelini. Anayeijua Manda anajua kuwa ukitoka uwanjani unatembea hadi gatini, na kutoka hapo ni mashua. Yule mfanyakazi aliiachia mashine ijibu, akatuma bila kusoma. Siku ya tisa akaondoka mwenyewe.

Na aliyewekwa mkiani kabisa kwa nafasi ya nahodha alikuwa ameandika mistari minne kwa kalamu, kwa Kiswahili, akaipiga picha: "Nimevua miaka 11. Nimebeba wageni miaka 6. Leseni ninayo. Sijazamisha mtu." Binamu yangu ndiye aliyeiona karatasi ile mezani akaniuliza, "Huyu umemweka mwisho kwa lipi?" Sikuwa na jibu. Ndiye nahodha wetu hadi leo.

Haya yanayofuata nimeyapanga kwa ajili ya mtu kama mimi, asiye na ofisi ya kuajiri, mwenye simu, daftari na wiki mbili tu.

Hatua ya kwanza: andika kazi kabla ya kuandika tangazo

Kaa na mtu anayeifanya kazi hiyo sasa, au aliyeifanya mwisho, muhesabu siku yake tangu alfajiri. Mtu wa mapokezi hapa hakai nyuma ya meza. Anapiga simu kwa nahodha, anamtafuta mwenye punda wa kubeba mizigo, anamweleza mgeni kwa nini maji yamekatika, anamtuliza mpishi, anaandika risiti. Ukishapata orodha, chora mstari chini ya mambo ambayo huwezi kumfundisha mtu kwa wiki mbili. Yangu yalibaki manne: kujua njia za hapa za nchi kavu na za maji, kusema ukweli hata ukiwa mchungu, kupanga lipi lianze mambo matatu yakija pamoja, na kuzungumza na mgeni kwa Kiingereza cha kutosha. Diploma haikuwamo. Nilikuwa nimeidai miaka yote kwa sababu kila mtu huidai.

Hatua ya pili: usiombe barua

Kama barua haikuambii kitu, kwa nini uiombe? Siku hizi naomba ujumbe wa sauti wa dakika mbili kwa WhatsApp, kwa Kiswahili, ukijibu jambo moja: "Nieleze siku moja kazini mambo yalipoharibika, na ulifanya nini." Najua sauti nayo yaweza kusomwa kutoka kwenye skrini. Lakini mtu anayesoma husikika, hasa akisoma Kiswahili cha mashine ambacho hakina hata chembe ya pwani.

Asiye na simu ya kuperuzi naye apate mlango. Bandika tangazo gatini Lamu, Mokowe upande wa bara, na karibu na misikiti, ukitaja siku moja ambayo mtu anaweza kuja kujieleza kwa mdomo. Mtu wa Kizingitini akija kwa boti ametumia nauli na nusu ya siku, kwa hiyo usimwite mara tatu. Taja mshahara. Tangazo lisilo na mshahara huleta watu wengi wasiokufaa na kuwakimbiza wanaokufaa. Na kama utatumia programu yoyote katika kuchagua, liseme hapohapo.

Hatua ya tatu: amua mashine ifanye nini

Nami bado naitumia. Hunisaidia kuandika tangazo kwa lugha mbili, kunitolea maswali ishirini nichague sita, na kunichorea jedwali la alama. Hiyo ni kazi ya karani, na ni karani mzuri asiyechoka. Kazi ya kusema huyu aje na huyu asije siipi tena.

Sababu moja nimeshaieleza. Nyingine ilitokea mbali na hapa. Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba kampuni ya Amazon ilikuwa imeacha programu iliyoijaribu kupanga waombaji kazi. Programu ile ilifundishwa kwa wasifu uliotumwa kwa kampuni kwa muda wa miaka 10, na wengi waliotuma walikuwa wanaume. Ikajifunza kumshusha alama mwombaji ambaye wasifu wake ulitaja jambo la wanawake, kama vile chama cha wanawake cha mchezo wa sataranji. Hakuna aliyeiamuru. Iliona desturi ikaifuata, kama mtoto anavyojifunza matusi kwa kukaa na wakubwa. Sasa fikiria programu iliyojifunza kutoka kwa maandishi ya dunia nzima, inampima mama aliyepika kwenye harusi za mtaa kwa miaka ishirini na hana hata karatasi moja ya kuonyesha.

Wengine hutafuta programu ya kuwanasa walioandikiwa na mashine. Hilo liache. OpenAI wenyewe, wenye ChatGPT, walitoa chombo cha aina hiyo wakakiondoa Julai 2023 kwa sababu hakikuwa sahihi vya kutosha. Utamwita mwongo mtu aliyeandika kwa mkono wake.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito kwa mashine peke yake, na pale uamuzi wa namna hiyo unaporuhusiwa, lazima ajulishwe na anaweza kuomba uangaliwe upya. Kazi ni jambo zito. Halafu kuna hili dogo ambalo wengi tunalikosea: wasifu wa watu una nambari za vitambulisho, simu, tarehe za kuzaliwa, wakati mwingine hata majina ya watoto. Si mali yako ya kuitupa kwenye programu ya mtu wa ng'ambo. Ukitaka mashine ikusaidie kufupisha, futa kwanza hayo yote.

Na usifikiri dawa ni kuitupa simu baharini turudi kuajiri kwa macho. Macho yetu yana deni pia. Wachumi wawili, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan, walichapisha mwaka 2004 jaribio lililofanywa Boston na Chicago: wasifu unaolingana ulitumwa kwa waajiri, tofauti ikiwa ni jina tu. Majina yaliyosikika ya Wazungu yaliitwa kwa asilimia 50 zaidi ya yale yaliyosikika ya Wamarekani weusi. Hapa kwetu hatuhitaji kutuma wasifu wa uongo ili tujue. Likitajwa jina barazani swali la kwanza ni "wa nani huyo?" Amu, Pate, Siyu, Faza, bara, kila jibu linafungua mlango au linaufunga kabla mtu hajakanyaga kizingiti. Mashine ilijifunza upendeleo kwa kina sisi.

Hatua ya nne: maswali yaleyale kwa kila mtu

Wengi tunahoji kwa kupiga soga. Akija mtoto wa rafiki tunamuuliza habari za mamake, akija mgeni tunamuuliza vyeti, mwisho tunasema yule wa kwanza "ana roho nzuri". Paul Sackett na wenzake mwaka 2022 walipitia upya tafiti za miongo mingi kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, na mahojiano yaliyopangwa, yenye maswali sawa na alama sawa kwa wote, ndiyo yaliyokuwa juu. Idadi ya miaka ya uzoefu peke yake ilikuwa karibu na mkia. Hilo lilinishangaza kidogo, kwa kuwa nahodha wangu nilimpenda kwa miaka yake. Nikijisema kweli, nilimpenda kwa sentensi ya mwisho.

Basi andika maswali sita. Kaeni wawili, na ikiwezekana mmoja awe mwanamke na mwingine mwanamume, mmoja asiyekuwa wa ukoo wako. Kila mmoja aandike alama yake, moja hadi tano, kabla hamjaangaliana. Mkishaangaliana, mwenye sauti kubwa hushinda.

Swali lenyewe lianze na jambo lililotokea, wala si "ungefanyaje ikiwa". Ukiuliza la kufikirika utapewa jibu la kufikirika, tena lile ambalo mashine imeshamwandikia jana usiku. Akianza kusimulia, mfuate: "Halafu?" "Nani alikuwapo?" "Mgeni alisema maneno gani?" "Na wewe ulikuwa umesimama wapi?" Aliyekuwapo atakumbuka hata harufu. Wa kuhadithiwa hukauka kwenye "halafu" ya tatu. Kama mnahojiana kwa video, mwombe awashe kamera kama mtandao unaruhusu, lakini usimhukumu kwa macho yanayohama. Mtandao wa visiwani unajulikana, na kuna watu wenye haya. Kampuni ya HireVue ya Marekani ilikuwa ikipima nyuso za waombaji kwa mashine ikatangaza kuacha Januari 2021. Wewe huna mashine yao, usiifanye kazi hiyo kwa macho.

Kuna maswali hayaulizwi. Una mume? Una mimba? Dini gani? Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi hata katika kuajiri, na ukishtakiwa ni wewe mwajiri utakayetakiwa kuthibitisha kuwa hukubagua. Daftari lile la alama ndilo litakalokutetea.

Hatua ya tano: mwone mtu kazini

Wabakishe wawili au watatu kwa kila nafasi, uwape kazi yenyewe kwa nusu ya siku. Uwalipe. Anayemtumikisha mtu asubuhi nzima kwa jina la majaribio bila senti ameshajulikana mji mzima kabla ya adhuhuri.

Wa mapokezi nilimpa simu ya nyumba na jumbe tatu zikaingia kwa mkupuo. Mgeni yuko Manda na begi lake halikuja. Msafishaji anasema tangi la juu halina maji. Wa tatu, kutoka Nairobi, anauliza bei ya chumba kwa Desemba. Nikamwambia, "Tumia chochote, hata hiyo akili unde." Sikutaka kumzuia kitu atakachokitumia kazini kesho. Nilitaka kuona kama atasoma alichoandikiwa kabla ya kutuma. Dada mmoja alisoma rasimu ya mashine, akasonya, akafuta neno "dereva" akaandika "nahodha wetu, amevaa shati la buluu, yuko mwisho wa gati". Kisha akanigeukia: "Bi, leo nahodha amevaa rangi gani?" Huyo nilimchukua, ingawa bei ya Desemba alisahau kuijibu.

Mpishi nilimpa shilingi elfu moja na mia tano aende sokoni mwenyewe arudi na mahitaji ya wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa watu wanne. Tazama chenji, tazama samaki alivyomchagua, tazama nazi alizitikisa au alizichukua tu. Akiwa katikati ya kupika nikamwambia mgeni mmoja nazi inamdhuru. Wa kwanza alisema "haina neno, nitapunguza". Wa pili alisimama, akaosha mikono, akatafuta sufuria nyingine. Kwa ladha, wa kwanza alimshinda. Lakini nazi ikimdhuru mtu haipunguzwi.

Kwa nahodha kuna jaribio moja ambalo nalithamini kuliko yote. Mwambie: wageni wanataka kupita Mkanda kwenda Pate keshokutwa saa tatu asubuhi, wameshalipa, utasemaje? Mkanda, mkondo mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, hupitika maji yakijaa, kama wenyeji wanavyojua. Yakipwa unakaa juu ya matope na mikoko unaangalia ndege. Nahodha atakayekuambia "hamna shida, Bi" mshukuru umpe nauli ya kurudi. Unayemtaka atakujibu kwa swali: "Keshokutwa ni bamvua au maji mafu? Yanajaa saa ngapi?" Bamvua ni maji makubwa, maji mafu ni madogo. Na bora zaidi ni yule atakayesema, "Saa tatu hatuendi. Waambie saa sita, au turudishe pesa." Zile barua za mashine zilisema ndiyo kwa kila kitu, maana mashine imefundishwa kupendeza. Chomboni namtaka mtu wa kuniambia hapana, aniambie mimi ninayemlipa, mbele ya wageni.

Leseni yake kutoka Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, iangalie kwa macho, na majaketi ya kuokolea uyahesabu naye. Lakini hiyo ni dakika tano.

Hatua ya sita: uliza barazani, kwa adabu

Watu aliowaandika ili waulizwe habari zake watamsifu. Ndiyo sababu aliwaandika. Tafuta na mwingine aliyefanya kazi pembeni yake au chini yake. Aliyekuwa akimwoshea vyombo mpishi anamjua mpishi kuliko mwenye hoteli. Wachukuzi wa gatini wanajua nani huwalipa na nani huwazungusha. Uliza mambo matatu tu, na uwaulize wote yaleyale: Mlifanya kazi pamoja lini? Alikuwa hodari wa nini? Angekuwa wako, ungemrudisha kazini kesho? Katika swali la tatu sikiliza kimya kinachotangulia jibu.

Ya ndoa yake, deni la babake na alikosana na nani Maulidini, yakianza kuletwa, sema "hayo tumwachie mwenyewe" uagize kahawa nyingine. Na umweleze mwombaji mapema kwamba utauliza, ili asisikie kwa watu.

Hatua ya saba: karatasi

Hapa ni haraka. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi lazima uandikwe. Ndivyo Sheria ya Ajira inavyosema. Muda wa majaribio usizidi miezi sita kwa mwanzo. Usimweke mtu "kibarua" msimu mzima ukidhani umekwepa: akifanya kazi mfululizo kwa mwezi, sheria humhesabu kama wa mwezi, na haki zake hufuata. NSSF ya pensheni, SHA ya bima ya afya na tozo ya nyumba uzipange tangu siku ya kwanza. Mpishi awe na cheti cha afya. Mkataba usome naye kwa Kiswahili, kwa sauti, kabla hajatia sahihi, na usiiachie mashine kuutafsiri bila mtu kuupitia.

Hatua ya nane: wapigie waliokosa

Hapo ndipo wenye programu wanapojivunia kuokoa muda: kubofya mara moja na watu hamsini wanapata "tunasikitika kukujulisha". Nairobi labda yawezekana. Hapa yule uliyemtumia utamkuta kesho Usita wa Mui, njia nyembamba, punda anakuja mbele na hakuna pa kugeukia.

Waliofika hatua ya kazi wapigie simu mwenyewe. Dakika tatu zinatosha, na sababu iwe ya kweli: "Mwanangu, samaki wako alikuwa mtamu, lakini nilipokwambia habari ya nazi hukubadilisha sufuria." Wengine watakasirika. Waache wakasirike, usijitetee sana. Waliotuma sauti tu, watumie sauti yako. Kisha futa vitambulisho na picha za wasifu usizozihitaji, na uliyemwona anafaa muulize kama unaweza kubakisha nambari yake.

Yule mpishi wa kwanza nilimpigia jioni ya Ijumaa. Alinyamaza, akasema, "Kweli, sikufikiria." Nikabakisha nambari yake. Wiki ya pili ya Januari mpishi niliyemchukua aliitwa nyumbani Witu kwa msiba, nyumba imejaa, nikampigia tena yule wa kwanza. Alipokea kwa mlio wa pili. Kabla sijamaliza salamu akauliza, "Kuna mgeni yeyote asiyekula kitu?"